Machozi ya Mama Yangu, Mtandio wa Mama Dhahabo

Jumamosi, Garsen. Jua limeanza kushuka na joto bado halijatoka ndani ya nyumba. Mabati yanalia ta, ta, kama kawaida yao yanapoanza kupoa. Mbingu imekuwa nyeupe tangu asubuhi, na weupe wenyewe si wa mawingu, ni vumbi tu linaloletwa na upepo kutoka upande wa Minjila.

Sijui nianzie wapi leo.

Mezani mbele yangu kuna kibuyu cha maziwa kilichofungwa kwa mtandio wa rangi ya embe bivu. Sijakifungua. Nimekitazama tangu niliporudi, na kila nikitaka kuandika jambo moja, jingine linalitangulia. Basi nianze na picha.

Picha ilirudi Alhamisi. Nilikuwa nawakusanyia watoto wangu wa chekechea vikombe vya uji wakati simu ilipolia. Ni grupu la wazazi, pale tunapoandikiana kuhusu kalamu za rangi na nani ameenda nyumbani na viatu vya mwenzake. Mzazi mmoja alikuwa ameitoa kwenye grupu jingine, na huko nako ilitoka kwingine. Mwanamke amekaa chini kwenye majivu. Mtandio umemfunika kichwa, mabega na nusu ya uso. Kwa mkono mmoja ameuziba mdomo. Nyuma yake ni nguzo nyeusi za nyumba iliyoungua. Chini ya picha mtu ameandika: "Mama zetu Waorma wanalia tena. Tusisahau."

Tena. Kana kwamba ni ya juzi.

Ni kweli juzi kulikuwa na shida. Ukame umewasukuma ng'ombe mtoni, na kwenye malka, ile njia ya mifugo ya kushukia majini, kuna mtu amepanda mahindi katikati. Ng'ombe wakaingia shambani, vijana wakatoka na mapanga, mchungaji mmoja akakatwa mkono, na mahindi yakabaki kama uwanja wa mpira. Ni hayo. Hakuna nyumba iliyoungua. Hakuna mwanamke aliyekaa kwenye majivu.

Lakini picha ina majivu. Nani atapanda bodaboda kwenda kuangalia kama yapo?

Nilikaa kwenye kimoja cha vile viti vidogo vya watoto, magoti yakanifika kifuani, nikaitazama mpaka mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?"

Mwanamke yule ni mama yangu.

Mama yangu hakuwa Mworma. Alikuwa Mpokomo, mzaliwa wa Hewani, akaolewa huku karibu na Ngao. Mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Mtu wa migomba na mpunga. Alikuwa akichambua mchele huku akiimba, na akifika mahali asipokumbuka maneno ya wimbo aliweka jina langu au la ndugu yangu, tukawa tunasubiri kusikia leo amesahau wapi.

Mapigano ya miaka ile, kati yetu Wapokomo na Waorma, sitayasimulia. Yameshasimuliwa, na kila mtu kwa upande wake. Nilikuwa darasa la saba. Kwetu walikuja alfajiri, nasi tulikimbilia migombani, na tuliporudi nyumba zilikuwa zinamalizikia kuungua. Baba alikuwa ameshatangulia miaka mingi, kwa hiyo tulikuwa watatu: mama, mimi, na Komora mdogo wangu. Komora alikuwa na miaka minne. Sitaandika alivyokufa. Nitaandika kwamba alikuwa na tabia ya kulala na kiatu kimoja, cha kushoto, hakuna aliyejua kwa nini, na asubuhi ile tulimpata nacho.

Mama alivua leso zake zote mbili. Moja akamviringishia, nyingine akamfunika. Yeye akabaki na gauni la kulalia, mabega nje, mbele za watu, mwanamke ambaye hakuwahi hata kwenda kisimani bila leso.

Ndipo Mama Dhahabo akatokea.

Mama Dhahabo ni Mworma. Manyatta yao wakati huo ilikuwa ng'ambo ya malka, na kila asubuhi alimletea mama maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, yale maziwa yenye harufu ya kuni. Mama hakulipa kwa pesa. Alikirudisha kibuyu na mahindi ndani yake, au mchele, na ndizi juu. Chombo hakirudishwi kitupu, hilo hata mtoto wa huku analijua. Hivyo ndivyo walivyokuwa marafiki, kwa kibuyu kwenda na kurudi, mpaka wakaanza kuitana dada.

Asubuhi ile alivuka peke yake, moshi ukiwa bado unapanda. Waliotuvamia walikuwa wa upande wake. Watu wake wangeweza kumuua kwa kuja kwetu, na watu wetu wangeweza kumuua kwa alikotoka. Akavua mtandio wake, akamfunika mama kichwa na mabega, akaufunga fundo chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto asishikwe na baridi. Halafu mama akasikia vijana wetu wanarudi, akamsukuma. "Nenda, dada. Nenda, watakuona."

Akaondoka kichwa wazi. Nilikuwa sijawahi kuziona nywele zake.

Magari ya waandishi yalikuja jua likiwa juu. Mpiga picha alikuwa kijana mwembamba, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alimpa mama chupa yake mwenyewe ya maji, na mama akaishika asiinywe. Kwenye picha chupa haionekani. Alimuuliza askari kitu, askari akanyoosha mkono huku na huku, kule wanakaa hawa, huku wanakaa wale. Hakuna aliyemuuliza mama jina lake. Aliona mtandio.

Wala si yeye peke yake. Sisi wa huku tunasoma nguo kabla ya kusoma uso. Mtu akija kwa mbali barabarani unatazama shuka, unatazama leso, unatazama kichwa kimefunikwa vipi, na kabla hajafika umeshajua utamsalimia kwa lugha gani. Ni kitu cha kila siku, hata hatujui kwamba tunakifanya. Kwamba mtu anaweza kuvua nguo yake akamfunika mwingine, hilo hatulisomi.

Gazeti lilifika Garsen baada ya siku chache. "Mama wa jamii ya Orma akiomboleza baada ya nyumba yake kuteketezwa." Picha ilichukua ukurasa nusu.

Ukiitazama vizuri, chini upande wa kushoto, karibu na goti lake, kuna leso iliyoviringishwa. Watu hudhani ni mzigo wa nguo alizowahi kuokoa.

Ni Komora.

Tulikuwa tumehifadhiwa Ngao, uani mwa kanisa, wakati mjomba alipokuja kutoka Kinakomba kutuona. Ni kaka yake mama, wamenyonya ziwa moja. Alikuja na gazeti. Nilikuwa nateka maji kwenye pipa, naye akasimama na wanaume wengine karibu na ukuta, akalinyanyua juu. Sauti yake naisikia hata sasa.

"Tazameni! Wametuulia watoto, na bado machozi yanayopigwa picha ni yao. Lia, mama, lia. Bado utalia."

Wanaume wakacheka, kile kicheko ambacho hakina furaha ndani yake.

Mama alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta ule ule, amekaa kwenye benchi na mtandio ameukunja kwapani. Alisikia kila neno. Nilipoingia na maji alinishika mkono. "Usimwambie," akasema. "Akijua alimcheka nani, hatapona."

Na upande wa pili nako picha ilitembea. Baadaye kijiji kingine cha Wapokomo kilivamiwa, na waliotoroka walisema vijana waliowavamia walikuwa wanamtaja yule mama wa gazetini. Sina namna ya kujua kama ni kweli. Lakini mama aliamini. Alikuwa amemlilia Mpokomo, na machozi yake yakachukuliwa yakapelekwa kuua Wapokomo. Kisha vijana wetu nao wakaenda kwao, na huko nako kukaungua.

Tangu hapo mama alichambua mchele kimya.

Maziwa yalikoma. Wao walihama, sisi tulihama. Siku za soko hapa Garsen mama na Mama Dhahabo walionana kwa mbali mara moja moja, wakasalimiana kwa macho, kila mmoja akapita na watu wake. Mtandio ulikaa kwenye sanduku. Nilimuuliza mama mara nyingi kwa nini asiurudishe, na jibu lake lilikuwa moja. "Nguo kama hii niirudishe na nini ndani?"

Amefariki mwaka huu, kabla ya kuvuna. Mapafu. Hospitalini, siku za mwisho, pumzi ilikuwa inamtosha kwa sentensi fupi tu, na mojawapo ilikuwa hii: "Hajilo, siku moja waambie nilikuwa namlilia nani." Akapumzika. Kisha akaongeza, "Usiwaambie kwa ugomvi."

Tulipotaka picha ya kuweka juu ya jeneza hatukuwa na picha. Tulichukua ile ya kitambulisho, ikakuzwa mpaka uso ukawa madoadoa. Nilimsikia mwanamke mmoja wa kwaya akimnong'oneza mwenzake, "Hivi ndivyo alivyokuwa?" Picha moja tu duniani inaonyesha vidole vya mama yangu vizuri, na kovu la kisu cha jikoni kwenye kidole gumba. Na hiyo si yake.

Kwa hiyo leo asubuhi nilifungua sanduku.

Niliweka mchele wa shamba lake la mwisho kwenye mfuko, nikaweka ndizi mbivu juu, nikafunga kila kitu kwa mtandio, nikachukua bodaboda mpaka kwenye manyatta ya kina Mama Dhahabo, upande wa nyika. Dereva aliniuliza mara mbili kama nina hakika nataka kwenda kule wiki hii. Nikamwambia napeleka rambirambi. Si uongo sana.

Wa kwanza kuniona alikuwa Bonaya, mtoto wa kiume wa Mama Dhahabo. Tulikuwa tukiogelea pamoja utotoni. Sasa ni mtu mzima, ananunua na kuuza ng'ombe, ana tumbo kidogo.

"Hajilo! Wallahi ni wewe? Miaka yote hii na bado unatembea na ndizi kama nyani."

"Na wewe bado unanuka moshi wa kibuyu."

"Huo ni uturi, dada. Nyinyi uturi wenu ni kambare."

Tulicheka. Nataka nikumbuke kwamba tulicheka, kwa sababu simu yake ilikuwa mkononi, na picha aliyoiweka pale panapokaa uso wa mtu ilikuwa ile ile. Mama yangu, mdogo kama ukucha.

Mama Dhahabo alitoka akishika mlango. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Nilipomkabidhi fungu hakuuliza ni nini. Vidole vyake vilitembea juu ya kitambaa mpaka kwenye pindo, vikasimama hapo.

"Dada yangu ameniletea," akasema.

"Ndiyo, mama. Amechelewa tu."

"Nilisikia. Siku ya maziko nilivaa, nikakaa tayari. Halafu nikasema, nitapitaje pale kwenu?"

"Ungepita, mama."

"Ningepita. Na wangenitazama." Akaunusa mtandio. "Aliufua kwa sabuni ya kipande."

"Kila mwaka. Anaufua, anauanika, anaukunja tena."

Akakaa chini. Fungu akaliweka mapajani.

Kisha nikamwomba Bonaya anionyeshe picha ya kwenye simu yake. Akaifungua kubwa, hana wasiwasi. "Huyu? Huyu si ndiye mama yetu wa siku zile? Kila mtu anamjua."

"Mweleze mama yako amevaa nini," nikasema.

Akanitazama, kisha akaeleza. Mtandio, rangi hii, maua meusi pembeni. Mama Dhahabo akamkatiza. "Na pembe moja imeshonwa kwa uzi wa kijani. Mweusi uliniishia."

Kwenye picha uzi hauonekani. Bonaya aliivuta, akaivuta, mpaka ikawa vidoti tu. Kisha akainama, akaushika mtandio uliokuwa mapajani kwa mama yake, akaugeuza pembe kwa pembe. Kwenye pembe ya tatu akasimama.

"Huyo ni mama yake huyu," Mama Dhahabo akasema. "Na kile kilichofungwa pale chini ni Komora. Ulikuwa unamkimbiza na chura mtoni."

Bonaya akauachia mtandio. Siku zile yeye alikuwa Hola, chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani, hakuona chochote. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kwamba wanaume wetu wametoka kule, na mimi nimekwenda kule kule kumfunika mtu?"

Akaizima simu. Nilidhani yameisha. Halafu akasema, bila kunitazama, na si kwa ugomvi, "Lakini mama, shangazi naye alilia. Wiki ile ile. Watu wa kwao huyu walichoma nyumba yake na wajukuu ndani. Nani alimpiga picha? Hakuna. Sisi tuna hii tu."

Nilikuwa nimekwenda kudai machozi ya mama yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba nikiyachukua, kuna mtu atabaki hana.

Ni Mama Dhahabo aliyesema tufanye nini. "Nipigeni mimi picha nimeuvaa. Mseme mtandio ni wangu, na yule wa pichani ni dada yangu. Watu wetu hata wakikataa maneno, mtandio wataujua."

Na mimi nikaona ni kweli. Bonaya pia akaona ni kweli. Sote watatu ni watu wa huku, tumekua tukisoma nguo, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona tunachokifanya.

Akalifungua fungu, akajifunga mtandio. Nikakaa kando yake, bega kwa bega, nimevaa leso ya mama. Bonaya akapiga. Akaandika, nami nikasoma neno kwa neno kabla hajatuma: "Huu ndio mtandio wa picha ile. Ni wa mama yangu. Aliyefunikwa nao pichani ni mama yake Hajilo, Mpokomo, anamlilia mtoto wake aliyeuawa. Sote tulilia. Acheni kuisambaza." Nilisoma tena. Hakuna neno lililokosewa. Akatuma kwenye magrupu yao, nami nikatuma kwenye yetu.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu shajara si mahali pa kujipamba. Nilikunywa chai pale, nikamwambia Mama Dhahabo jinsi mama alivyokuwa akiweka majina yetu kwenye nyimbo, akacheka mpaka akajifuta macho. Nilipoaga alichukua mchele na ndizi, akaingia navyo ndani, akatoka na kibuyu kimejaa, amekifunga kwa mtandio ule ule.

"Mama, nimekuja kuurudisha."

"Mtandio ni wenu. Kibuyu ndicho changu."

Nilikuwa sijafika daraja la Garsen simu ilipoanza.

Ya kwanza ilikuwa picha yetu, lakini mimi simo. Wamenikata. Amebaki Mama Dhahabo peke yake, mzee, mtandio umemfunika, na ule weupe wa macho yake unameta kama machozi. Maneno ya Bonaya hayapo. Yapo mengine: "Mama yule wa picha bado yu hai. Miaka yote hii, mtandio ule ule, machozi yale yale. Tusisahau."

Nilimwomba dereva asimame. Nikashuka, nikakaa ukingoni mwa barabara na kibuyu mapajani.

Ya pili ilitoka kwetu. Picha ile ile, imekatwa vile vile. "Wameanza tena kuwatoa wanawake wao mbele ya kamera. Tunajua kinachofuata. Jiandaeni."

Zilikuja nyingine. Mtu alikuwa ameziweka mbili sambamba, ya zamani na ya leo, akachora mviringo mwekundu kuzunguka mtandio hapa na mtandio pale. Kwa ushahidi.

Bonaya akanipigia. "Hajilo, si mimi niliyeikata. Wallahi."

"Najua."

"Nimewaandikia tena, nimewaambia mimi ndiye niliyepiga. Wananiuliza nimenunuliwa na nani."

Kulikuwa kumebaki mtu mmoja. Mama alinikataza kumwambia, na mama huyo huyo alinituma niseme. Nilifikiri, yeye angalau hahitaji picha. Mama alilala naye mkeka mmoja utotoni. Nikampigia mjomba.

"Ndiyo nimeiona sasa hivi," akasema kabla sijamaliza salamu. "Kumbe bado yupo yule mwanamke."

"Mjomba, yule wa picha ya kwanza si huyu. Yule ni mama. Ni dada yako."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

"Na ule mzigo chini ni Komora, mjomba. Mtandio alifunikwa na rafiki yake. Leso zake alikuwa amemvisha mtoto."

"Nani kakwambia haya?"

"Nilikuwepo."

Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akasema polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, "Hajilo, mwanangu. Nimemwona leo hii kwa macho yangu. Mzee, na mtandio wake kichwani. Dada yangu hakuvaa mtandio hata siku moja."

"Alivaa siku moja, mjomba. Siku hiyo."

"Msiba umekuchosha. Na hawa watu wanajua kuchezea mtu aliyefiwa. Pumzika." Halafu akaongeza, "Ufunge nguo zako, uje Kinakomba. Vijana wanasema hali huko si nzuri."

Alikata simu kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Sijui kama hakuniamini. Sijui kama aliniamini, akaona siku ile alimcheka nani, akarudi nyuma. Nilimsikia akipumua. Ni hilo tu ninaloweza kusema kwa uhakika.

Sasa jua limetua. Nje jirani yangu anafunga magodoro kwenye mkokoteni, mke wake ameshika taa. Nimemuuliza wanakwenda wapi, akasema, "Kwani wewe huna simu?"

Zamani picha ile haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya mama asiye na jina, na mama yangu alikuwa amejificha ndani yake, na siku moja mtu angeweza kumpata. Leo nimeipa mwenyewe. Nimempeleka Mama Dhahabo, nimemkalisha kitako, nimemfunga mtandio, nimesema mpigeni. Komora sasa ni mzigo wa nguo kabisa, na hakuna atakayeufungua. Na bibi asiyeona, aliyeuvua mtandio wake kwa ajili yetu, uso wake uko kwenye simu za vijana wanaonoa mapanga, wa huku wakimwita adui na wa kule wakimwita sababu.

Mama, nimewaambia. Sikuwaambia kwa ugomvi. Hawakusikia.

Nimefungua fundo. Maziwa bado ni mazuri, yana ile harufu ya kuni. Nimemimina kikombe kimoja, nikakinywa nimesimama, na mengine nimemgawia jirani wanywe watoto kabla ya safari. Kibuyu nimekisuuza, nimekiinamisha kikauke. Mtandio nimeukunja alivyokuwa akiukunja yeye, pembe ya uzi wa kijani kwa ndani.

Kesho, barabara ikipitika, kibuyu hiki kinatakiwa kurudi kwa mwenyewe. Mchele wa mama ulikwisha leo asubuhi. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta.

Nitakirudisha na nini ndani?